Riziki au mkate, mwovu au maovu: kwa nini Baba Yetu ina maneno tofauti

Swali: Mimi ni Mlutheri, mume wangu ni Mkatoliki, na mtoto wetu wa miaka tisa amejifunza Baba Yetu mara mbili. Kwa baba yake anasali “utupe leo mkate wetu wa kila siku, utusamehe makosa yetu… usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni”. Katika Biblia niliyorithi kwa mama yangu, Mathayo 6, anasoma “utupe leo riziki yetu, utusamehe deni zetu… usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu”. Ameniuliza ipi ni ya Yesu mwenyewe, nikakosa jibu. Jirani yetu Mwislamu naye huniambia kwamba hayo ndiyo matokeo ya kutafsiri, na kwamba wao wamesalimika kwa kuwa wanaswali kwa Kiarabu. Je, maneno haya yamebadilishwa?

Jibu: Mama mpendwa, nianze na swali la mtoto, maana ndilo gumu kuliko lako. Hakuna hata moja kati ya sala hizo mbili iliyo na maneno yenyewe ya Yesu. Yeye na wanafunzi wake walizungumza Kiaramu, na Injili zimetufikia kwa Kigiriki, tena sala hiyo imeandikwa mara mbili, kwa Mathayo na kwa Luka, na hao wawili hawakubaliani neno kwa neno. Kwa hiyo kilichomo katika Biblia ya mama yako, na kile anachosali mume wako, ni tafsiri ya maandishi ambayo nayo yalikwisha kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kabla hayajamfikia mfasiri yeyote wa Kiswahili.

Swali lako wewe linahitaji jibu la sehemu mbili. Hakuna aliyekaa chini akayapotosha maneno hayo. Hata hivyo siungani na wale watakaokuambia kwamba “ni maneno tu, maana ni ile ile”, kwa sababu maana si ile ile, na mtoto wako ameliona hilo kwa macho ya kawaida. Tofauti karibu zote ulizozitaja zimetokea mahali ambapo Kigiriki kilitumia neno lenye pande mbili, na Kiswahili, kwa sababu ya msamiati wake au kwa sababu ya sarufi yake, kikamlazimisha mfasiri kushika upande mmoja na kuuachilia wa pili.

Kwanza tujue maandishi hayo yalitoka wapi. Biblia ya mama yako, kwa maneno uliyoyanukuu, ni ile ya Union Version ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuzirithi Biblia mbili zilizoitangulia: ya Kiunguja ya mwaka 1891, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na ya Kimvita ya mwaka 1914. Wafasiri wake waliyaendea maandishi ya Injili. Sala ya mume wako ilipita njia nyingine, njia ya ibada, ambako kwa karne nyingi Wakatoliki walisali kwa Kilatini, nayo imebeba alama za safari hiyo.

Sasa tuuchukue mkate, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Mathayo ameandika maneno mawili, *arton epiousion*. La kwanza ni mkate, bila utata. La pili ni fumbo ambalo halijapata mfumbuzi wa kukubaliwa na wote mpaka leo. Origen, mwanachuoni wa Kigiriki wa karne ya 3 ambaye lugha hiyo ilikuwa yake ya kuzaliwa, alisema kwamba neno hilo halitumiwi na wasomi wala na watu wa kawaida, na kwamba inaonekana waandishi wa Injili walilibuni wenyewe. Jerome, alipoitengeneza Injili ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alilitafsiri kwa namna mbili: katika Luka akaandika mkate “wa kila siku”, na katika Mathayo, kwa neno lile lile, akaandika mkate “upitao vitu vyote”. Tena ameeleza kwamba katika injili moja iliyotumiwa na Wakristo wa Kiebrania alikuta neno lenye maana ya “kesho”, yaani utupe leo mkate wetu wa kesho. Mtu mmoja, neno moja, maana tatu. Kanisa la Kilatini lilichagua “wa kila siku” kwa ajili ya sala, na kutoka huko ndiko ulikotoka mkate anaouomba mume wako.

Wafasiri wa Union walifanya jambo ambalo mimi huliona kuwa la ujasiri: waliuacha mkate wakachukua riziki. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuishi pwani kwa muda mrefu likiwa na maana pana ya kile ambacho Mungu humgawia kiumbe wake, kiwe chakula, mteja wa kwanza wa asubuhi au karo ya mtoto. Mswahili anaposema riziki haivutwi kwa kamba, amekwisha kukiri kwamba mtoaji si yeye. Ombi la Yesu ndilo hilo hilo, na pengine hakuna neno la Ulaya linaloweza kulibeba hivyo. Tena linafaa kwa sababu ya pili, kwamba mkate wa Palestina ulikuwa ndio mlo wenyewe, ilhali kwetu mkate ni kitu cha kunywea chai, na mtu aliyekula vipande vinne vya mkate asubuhi atakuambia saa saba mchana kwamba hajala kitu tangu aamke. Mtoto wako anapoomba mkate wa kila siku, sina hakika anaomba kile walichokiomba wavuvi wa Galilaya.

Lakini riziki imekula gharama zake. Kwanza, lile neno la fumbo limetoweka kabisa. Mwenye kusoma Mathayo 6:11 katika Union hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na neno la pili. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, uzi umekatika. Katika Mathayo 4:4 Yesu anajibu jangwani kwamba mtu hataishi kwa mkate tu, na katika Mathayo 26:26 anatwaa mkate, anabariki, anaumega. Msomaji wa Kigiriki anakutana na neno lile lile katika sala, katikati ya jangwa na karamu ya mwisho, na hawezi kukosa kuusikia mwangwi. Msomaji wa Union anakutana na mkate, kisha riziki, kisha mkate. Hata Yohana 6:35, ambapo Kigiriki kina mkate, Union inasema “Mimi ndimi chakula cha uzima”. Mkatoliki anayeomba mkate wa kila siku asubuhi ile ile anayokwenda kupokea Ekaristi anaunganisha mambo mawili ambayo Mlutheri mwenye Biblia mkononi, kwa chaguo la mfasiri tu, hakupewa nafasi ya kuyaunganisha.

Kuhusu deni na makosa, Biblia ya mama yako iko karibu zaidi na Mathayo, ambaye aliandika madeni, na nyuma yake liko neno la Kiaramu ambalo lilitumika kwa deni na kwa dhambi pia. Ajabu ni kwamba hata Kilatini cha ibada kinasema madeni. Aliyeandika makosa katika sala ya Kikatoliki ya Kiswahili alikiacha Kilatini hapo akafuata maana badala ya neno, kama walivyofanya Wafaransa na Waingereza katika sala zao. Naelewa kwa nini. Mtu akisema kanisani “utusamehe deni zetu”, anayedaiwa dukani anaweza kutabasamu. Hata hivyo neno deni linashika kitu ambacho kosa halikishiki, kwamba aliyekosewa ana haki ya kudai, na kusamehe ni kuiachia haki hiyo kwa hasara yake mwenyewe. Ndiyo maana mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18, ni hadithi ya fedha tangu mwanzo hadi mwisho, na bwana wake anamwambia, “nalikusamehe wewe deni ile yote”. Kiswahili kilikuwa na bahati hapa, kwa sababu kitenzi chetu *samehe* hutumika kwa deni na kwa kosa vilevile. Fungua pia Luka 11:4 katika Biblia hiyo hiyo: “Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye.” *Kumwia* mtu ni kumdai. Ni neno ambalo vijana wengi hawalijui tena, na kila nikilisoma huwa nasikitika kwamba tumeliacha lizame.

Majaribu na kishawishi ni mfano mfupi zaidi. Neno la Kigiriki, *peirasmos*, lina maana ya kupimwa na pia ya kushawishiwa kutenda ovu. “Jaribu” la Kiswahili linazibeba zote mbili: Mungu alimjaribu Ibrahimu katika Mwanzo 22, na Ibilisi alimjaribu Yesu katika Mathayo 4. “Kishawishi” kimebeba upande mmoja tu, na kwa kufanya hivyo kimelizidisha tatizo, kwa kuwa sasa inasikika kana kwamba Mungu ndiye anayetushawishi, jambo ambalo waraka wa Yakobo, sura ya 1, unalikataa waziwazi. Tatizo hilo halikuanza kwetu. Wakatoliki wa Ufaransa waliibadilisha sentensi hiyo mwishoni mwa mwaka 2017 ili iseme “usituache tuingie katika kishawishi”, na wale wa Italia wakabadilisha yao katika Misale ya mwaka 2020. Mimi, kusema kweli, naona mabadiliko hayo yanafariji kuliko yanavyotafsiri, maana kitenzi cha Kigiriki ni cha kumtia au kumleta mtu mahali, na tafsiri isiyomtisha msomaji pale ambapo maandishi yanatisha imemnyima kitu.

Tunafika kwa mwovu na maovu, na hapa naomba uwe na subira, kwa kuwa hapa ni sarufi yetu yenyewe iliyoingia katika teolojia. Mathayo aliandika *tou ponerou*. Kwa umbo hilo, Kigiriki hakionyeshi kama anayetajwa ni nafsi, yule mwovu, au ni jambo, ule uovu. Maumbo ya jinsi mbili za kisarufi, ya kiume na ile isiyo ya kiume wala ya kike, yanalingana hapo herufi kwa herufi. Kilatini cha ibada, *a malo*, kina utata ule ule, kwa hiyo mapadre walisali karne baada ya karne bila kulazimika kuamua. Kiswahili hakimpi mtu raha hiyo. Ukitaja kitu lazima ukiweke katika ngeli, na ngeli ya watu si ngeli ya mambo: ama *mwovu*, ama *uovu*, ama *maovu*. Wafasiri wa Union walimchagua mwenye nafsi, tena wakaongeza “yule” ili asije akadhaniwa kuwa mtu mbaya yeyote wa mtaani, na wana hoja, kwa sababu katika Mathayo 13:19 “yule mwovu” anayenyakua mbegu iliyopandwa ni nafsi bila shaka. Wakatoliki walichagua mambo, wakayafanya kuwa mahali kwa kiambishi -ni, kisha wakaweka kitenzi ambacho nakipenda kuliko kile cha Union: *kuopoa*, yaani kukitoa kitu kilichozama kisimani au baharini. Mmoja anaomba kuokolewa na adui, mwingine anaomba kutolewa alikozama. Hizo ni sala mbili, na Kigiriki kiliziruhusu zote.

Ukishaliona hilo utaliona kila mahali. Neno *roho* kwa kawaida hufuata ngeli ya vitu, na sarufi ya kawaida ingetupa “roho takatifu”. Makanisa yanayoamini Utatu huandika “Roho Mtakatifu”, yaani humpa upatanisho wa mtu, ilhali Mashahidi wa Yehova, wasiomhesabu Roho kuwa nafsi, huchapisha “roho takatifu” katika Biblia yao ya Kiswahili. Katika Kigiriki neno hilo ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, na katika Kiebrania mara nyingi ni la kike, lakini hakuna kati ya hayo mawili linalothibitisha au kukanusha nafsi, kwa kuwa jinsi ya kisarufi ni jambo la sarufi tu. Kiswahili ndicho kilichoigeuza kuwa ungamo la imani kwa silabi moja. Nimewahi kusikiliza watu wawili wazima wakibishana mlangoni karibu saa nzima, kila mmoja akionyesha aya yake, na hakuna aliyegundua kwamba walichokuwa wakisomeana ni uamuzi wa mfasiri. Yohana 1:1 ni hivyo hivyo: “Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu.” Mwanafunzi akimwandikia mwalimu wake “neno alikuwako” atasahihishwa kuwa “lilikuwako”, na mfasiri alilijua hilo; alivunja upatanisho makusudi ili msomaji ajue kwamba Neno ni mtu, jambo ambalo Yohana mwenyewe analitamka wazi baadaye, aya ya 14. Kiswahili kimeifichua siri mapema. Waingereza nao walipata shida hiyo katika aya ya tatu: William Tyndale, karne ya 16, alitumia kiwakilishi cha kitu, na Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikatumia cha mtu.

Kuhusu jirani yenu, ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Mwislamu anayeshika tarjuma ya Kiswahili, kwa mfano ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, hafundishwi kwamba ameshika Kurani yenyewe. Ameshika maelezo ya maana yake, na Kiarabu kipo kando kwa yeyote atakayetaka kurejea. Huo ni ulinzi wa kweli ambao Mkristo wa kawaida, asiyejua Kigiriki, hana. Lakini kuhifadhi lugha ya asili hakuondoi kazi ya kuchagua. Huihamisha tu kutoka kwa mfasiri kwenda kwa mwanachuoni. Sura ya 2, aya ya 228, inawaamuru wanawake waliotalikiwa wangoje *quru* tatu, na neno hilo katika Kiarabu lina maana ya hedhi na pia ya twahara iliyo kati ya hedhi mbili. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, wameshika twahara, na wale wa Hanafi wameshika hedhi. Mwanamke aliyeachwa akiwa twahara, eda yake, yaani muda huo wa kungoja, kwa Shafi humalizika hedhi ya tatu inapoanza, na kwa Hanafi humalizika hedhi hiyo inapokwisha, kwa hiyo kuna siku kadhaa ambazo kwa kadhi mmoja yuko huru kuolewa na kwa mwingine hayuko. Mtarjumi wa Kiswahili akifika hapo ana njia mbili tu: achague madhehebu, au aweke maneno yote mawili na kumwachia msomaji mzigo.

Liko jambo moja zaidi ambalo hukulitaja, lakini mtoto wako atakapofikisha miaka kumi na mitano atalitaja yeye. Union inasema “mapenzi yako yatimizwe”, na sala ya Kikatoliki inasema “utakalo lifanyike”. Mwaka 1952 maneno hayo mawili yalikuwa karibu sana, maana mapenzi ni yale ambayo mtu anapenda yawe. Leo ukimwambia kijana “mapenzi” anafikiria kitu kingine kabisa, na redio ndiyo iliyomfundisha. Hapo hakuna mfasiri aliyekosea. Maandishi yamekaa palepale na lugha ndiyo iliyohama. Yale maneno ya mwisho, “kwa kuwa ufalme ni wako”, nayaacha, kwa sababu tofauti yake si ya tafsiri: nakala kadhaa za kale za Mathayo hazina maneno hayo, na nyingine zinayo.

Basi ukirudi kwa mtoto, mwambie ukweli kwamba Yesu aliifundisha sala hiyo kwa lugha nyingine, na kwamba baba na mama wameipata kwa watu wawili waliosikiliza kwa makini, kila mmoja akashika alichoweza. Miaka tisa inatosha kulielewa hilo, hasa kwa mtoto ambaye pengine amekwisha kuzoea kusikia bibi yake akisema jambo moja kwa Kichaga au Kihaya, kisha kulirudia kwa Kiswahili na kulalamika kwamba halikutoka sawasawa. Na kama wewe mwenyewe ungeniuliza ningechagua lipi, ningechukua mkate kwa ajili ya ule uzi wa karamu, deni kwa ajili ya hadithi ya mtumwa, majaribu kwa kuwa yanabeba pande zote mbili, na mwishoni ningeshindwa kuamua kati ya mwovu na maovu, ila kitenzi kingekuwa *utuopoe*. Nimewahi kuiandika sala hiyo yote kwenye karatasi, ikatoka nzuri, na hakuna kanisa hata moja ninalolijua ambalo huisali hivyo.